Ndege ya Vita Iliyokuja Afrika na Kamera

Katika kambi ya Jeshi la Anga ya Coningsby, mashariki mwa Uingereza, imo ndege ya injini nne ambayo mabawa yake yana upana wa mita 31 kutoka ncha hadi ncha. Ni Avro Lancaster, nambari PA474. Inatunzwa na kitengo maalumu kinachohifadhi ndege za Vita vya Pili vya Dunia, na ikiruka kwenye sherehe maelfu ya watu hukusanyika kuisikia kabla hata hawajaiona. Ziliundwa Lancaster 7,377. Zilizobaki nzima duniani kote hazifiki 20, na zinazoweza kuruka ni mbili tu: hii, na mwenzake aliye katika jumba la makumbusho ya ndege mjini Hamilton, Kanada.

Waingereza wakiitazama hukumbuka mabomu. Hukumbuka usiku wa Mei 1943 ambapo Lancaster zilibomoa mabwawa ya Ujerumani, na wanahewa 55,573 wa kikosi cha mabomu ambao hawakurudi nyumbani. Wajerumani nao wana kumbukumbu yao, ya miji iliyoteketea chini ya ndege hizo. Yote hayo ni kweli kuhusu Lancaster kwa jumla. Kuhusu PA474, si kweli hata kidogo. Ndege hii haikudondosha bomu lolote vitani. Ilitoka kiwandani karibu na Chester tarehe 31 Mei 1945, wiki tatu baada ya Ujerumani kusalimu amri. Ilikusudiwa kwenda Asia kupambana na Japani, lakini kabla haijaondoka Japani nayo ikasalimu amri mwezi Agosti. Basi ikabaki ndege mpya isiyo na vita.

Kazi ya kijeshi iliyopewa baadaye ilikuwa huku kwetu. Iliingizwa katika Kikosi Nambari 82, ikapelekwa Mashariki na Kusini mwa Afrika kupiga picha za ardhi kutoka angani, hadi Februari 1952 iliporejeshwa Uingereza. Katika maelezo mengi ya ndege hiyo niliyoyasoma, miaka hiyo ya Afrika hupewa sentensi moja, kisha msimulizi anakimbilia maonyesho na sherehe. Mimi naona sentensi hiyo moja ndiyo habari yenyewe, na sisi tunaoishi juu ya vilima vya Gusii, magharibi mwa Kenya, tuna haki ya kuisimulia kwa kirefu.

Kwanza tuelewe ndege hiyo ilikuwaje ilipokuja. Lancaster ya kupiga picha haikuwa na vibanda vya bunduki. Vile vya puani, mgongoni na mkiani viling'olewa, na matundu yake yakazibwa kwa mabati laini ili hewa iteleze. Mahali pa mabomu paliachiwa vifaa vingine, na sakafuni zikafungwa kamera zilizotazama chini moja kwa moja. Ilikuwa ndege ya jeshi yenye wanajeshi ndani, lakini silaha yake pekee ilikuwa filamu.

Iliporudi Uingereza ilikaribia kugeuzwa ndege ya kuruka bila rubani, mpango ambao baadaye uliachwa. Kuanzia 1954 ilikuwa Cranfield, katika chuo cha uhandisi wa ndege, ambako bawa la majaribio lilisimamishwa wima mgongoni mwake ili wataalamu wapime mwenendo wa hewa. Mwaka 1964 wahifadhi wa historia ya jeshi wakaichukua iwe ya makumbusho. Mwaka uliofuata kikosi cha ndege cha kambi ya Waddington kikaomba kuitunza, na hapo ndipo kazi ya kuirudisha kuwa ndege ya mabomu ilipoanza. Vibanda vya bunduki vya mbele na nyuma vikapatikana vikafungwa. Kile cha mgongoni kilitafutwa mpaka kikapatikana Argentina, kikasafirishwa hadi Uingereza kwa manowari, na kufungwa mwaka 1975. Mwaka huohuo ikapewa jina la City of Lincoln.

Naheshimu kazi ya mafundi wale, na ninaelewa kwa nini walitaka ndege moja isimame kwa niaba ya vijana wote waliokufa. Lakini kila bunduki iliyofungwa ilifunika alama ya Afrika. Mtazamaji wa leo anaona ndege ya vita ambayo haikupigana vita, na haoni ndege ya ramani ambayo kweli ilifanya kazi ya ramani. Hata mwenzake wa Kanada yuko hivyohivyo. Lancaster ya Hamilton, FM213, ilitumika kwa doria ya baharini na kuwatafuta waliopotea hadi miaka ya 1960. Siku hizi imepakwa rangi za ndege ya mabomu kwa heshima ya Andrew Mynarski, mwanahewa wa Kanada aliyetunukiwa nishani ya Victoria Cross. Mwaka 2014 ilivuka Atlantiki na ndege hizo mbili zikaruka bega kwa bega. Waliotazama juu waliona washambuliaji wawili. Kazi halisi za ndege hizo zilikuwa kupiga picha na kulinda pwani.

Kikosi cha 82 kilifufuliwa mwaka 1946, kikaanzia Afrika Magharibi, kisha kikahamia Kenya na kufanya kazi kutoka uwanja wa Eastleigh, Nairobi. Wengi wanaoijua Eastleigh, au Islii, leo wanaijua kwa maduka na nguo. Uwanja ule upo bado upande wa pili wa ukuta, na ni kambi ya jeshi letu la anga. Wakati ule hakukuwa na uwanja wa Embakasi. Huo ulifunguliwa 1958. Lancaster ziliondoka Eastleigh asubuhi, na kwa kuwa zilikuwa na uwezo wa kusafiri takriban kilomita 4,000 bila kutua, zilifika mbali sana.

Kazi yenyewe ilihitaji uvumilivu wa ajabu. Rubani alipaswa kuruka kwa mstari ulionyooka na kwa kimo kilekile, kilomita nyingi, kisha ageuke arudi kwa mstari mwingine sambamba na ule wa kwanza. Kamera ilibonyezwa kwa vipindi maalumu ili kila picha irudie takriban asilimia 60 ya iliyoitangulia, na kila safu ipandiane kidogo na safu ya jirani. Upepo ukiisukuma ndege pembeni, linabaki pengo, na pengo ni safari nyingine. Picha zilikuwa za mraba, kila upande sentimita 23. Kwa lenzi ya inchi 6 na kimo cha futi 15,000 juu ya ardhi, skeli ni 1:30,000. Sentimita moja ya picha ni mita 300 za shamba. Hivyo picha moja inabeba karibu kilomita 7 kwa 7. Nyacheki yote huku kwetu Gusii, na vilima vyake, na vijito vinavyoteremka kuelekea mto Gucha, vingeenea kwenye karatasi unayoweza kuishika kwa mikono miwili.

Hesabu hiyo ukiileta Gusii inakuwa ngumu zaidi. Ardhi yetu yenyewe iko juu, mita 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Ndege inayotaka futi 15,000 juu ya shamba la Gusii lazima ipae zaidi ya mita 6,000, mahali ambapo binadamu hawezi kukaa kazini bila kuvuta oksijeni.

Halafu kuna mawingu. Yeyote aliyelala usiku mmoja katika kaunti za Kisii na Nyamira anajua mvua yetu. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Viktoria hupanda ukakutana na vilima, na kufikia alasiri mawingu mazito yameshasimama. Mara nyingi hushuka na mvua ya mawe inayochana majani ya chai mpaka unadhani ng'ombe wameachiliwa shambani. Kunanyesha zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na hakuna mwezi unaoweza kuuita mkavu kwa uhakika. Mpiga picha wa angani anahitaji asubuhi safi, lakini si mapema mno, kwa sababu jua likiwa chini vivuli vya vilima hufunika mabonde. Wingu moja dogo likisimama juu ya kilima, kilima hicho hakipo kwenye picha. Saa za kufaa huwa chache, na msimu ukigoma huna la kufanya ila kusubiri.

Filamu zilipelekwa Teddington, nje kidogo ya London, kwenye Idara ya Upimaji ya Makoloni iliyoanzishwa 1946 chini ya Brigedia Martin Hotine. Huko ndiko vilima vya Afrika Mashariki vilikoinuka mezani, na hilo nalisema kama lilivyo. Chukua picha mbili za mahali pamoja zilizopigwa kutoka sehemu mbili tofauti za mstari wa ndege. Ziweke kandokando chini ya stereoskopu, kifaa chenye lenzi mbili na miguu mifupi, jicho la kushoto lione picha moja na la kulia lione nyingine. Mwanzoni unaona mabaka mawili ya kijivu yanayogombana. Unasogeza picha moja kwa ncha ya kidole, kidogo, kidogo tena. Ghafla yanaungana na ardhi inasimama. Mgongo wa kilima unakujia usoni, bonde linazama, mti mmoja unajitenga na kivuli chake, na nyumba ya nyasi inaonekana kama nundu duara kando ya njia ya miguu. Kwa kufuata kimo hichohicho kwa alama ndogo inayoelea juu ya picha, mchoraji anapata mistari ya kontua. Watu ambao hawakuwahi kukanyaga Gusii waliweza hivyo kuchora mteremko wake, wakisaidiwa na wapimaji waliopanda vilima kwa miguu na kusimika nguzo za saruji ambazo wengi wetu tulizichezea utotoni bila kujua ni za nini.

Kazi hiyo haikufanywa kwa hisani. Serikali ya kikoloni ilitaka kujua ina nini: maji yako wapi, barabara ipite wapi, ardhi gani inafaa zao gani, watu wamekaa wapi. Hakuna mzee wa Gusii aliyeulizwa kama anakubali boma lake litazamwe kutoka mbinguni. Na mara tu kikosi cha 82 kilipoondoka, mwaka uleule wa 1952, hali ya hatari ikatangazwa Kenya. Mwishoni mwa 1953 zikaja ndege za Lincoln, kizazi kilichozaliwa na Lancaster, zikadondosha mabomu katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Mwaka 1954 zikaletwa Meteor za kupiga picha, zikisaka kambi za wapiganaji wa Mau Mau. Jicho la angani lilikuwa lilelile. Lililobadilika ni aliyekuwa akitafutwa. Lincoln moja, RF398, imehifadhiwa katika makumbusho ya Cosford, na Mkenya anayeitembelea ana la kuifikiria.

     

Huku Gusii leo, picha za angani zinatugusa kwenye mipaka ya mashamba. Nyacheki ikikumbwa na ugomvi wa mpaka, huo ni ugomvi wa chakula. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika kaunti ya Kisii, wastani wa watu 957 kwa kila kilomita ya mraba. Shamba la babu limegawanywa kwa wana, wana wakagawia wajukuu, mpaka vipande vingine ni vyembamba vinavyoteremka kutoka barabarani hadi kijitoni. Siku ya kupima, anakuja savea na tepu, naibu chifu anasimama kando, majirani wanajaa kwenye kingo za shamba. "Mzee, tuonyeshe mpaka ulipopita," kijana anasema kwa upole. Mzee ananyoosha fimbo: palikuwa na mti hapa, ukakatwa. Wa upande wa pili anasema mti ulikuwa kule. Savea anafungua ramani ya usajili, na wote wanaikodolea macho kama neno la mwisho.

Ramani hiyo si neno la mwisho, na sheria yenyewe inasema hivyo. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 kinaeleza kwamba mipaka iliyosajiliwa ni ya kukadiria, isipokuwa pale ilipoandikwa kuwa imekwishapimwa rasmi, na kwamba mahakama haitasikiliza kesi ya mpaka wa namna hiyo kabla msajili wa ardhi hajauamua. Kwa nini ya kukadiria? Jibu liko angani. Wakati wa kutoa hatimiliki baada ya uhuru, picha nyingine zilipigwa, kutoka chini kuliko za Lancaster. Zikakuzwa, na michoro ya mipaka ikafuatishwa juu yake kwa kutazama ua na miti. Mara nyingi hazikusahihishwa kwanza kulingana na miinuko ya ardhi.

Katika nchi tambarare kasoro hiyo ni ndogo. Katika vilima vyetu ni kubwa. Tuseme ndege iko mita 2,000 juu ya bonde, na kilima kimeinuka mita 200 kutoka bondeni. Kilele kiko mita 1,800 tu kutoka kwenye kamera. Kitu kilicho kileleni kitaonekana kikubwa zaidi ya kilicho bondeni, kwa asilimia 11 hivi ya urefu, na kwa eneo ni karibu asilimia 23. Mashamba mawili yaliyo sawa kabisa, moja mlimani na moja mtoni, hayatakuwa sawa kwenye karatasi. Ndugu wawili wanaweza kuchukiana maisha yao yote kwa sababu ya kimo cha lenzi, na kila mmoja akaamini kwa dhati kwamba mwenzake aling'oa alama usiku. Jambo hili lingepaswa kufundishwa katika kila baraza la chifu Kisii na Nyamira. Lingepunguza fimbo nyingi.

Ndiyo maana picha za zamani zina thamani ya sasa. Zinaonyesha ardhi kabla haijagawanywa kwenye karatasi. Machakos, huko Ukambani, walikwisha kulithibitisha hilo. Watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, katika kitabu chao cha 1994, walitumia picha za angani za jeshi la Uingereza za mwaka 1948 na kuzilinganisha na za miaka ya baadaye. Waliokuwa wametabiri kwamba watu wakiongezeka, Ukambani ingegeuka jangwa, waliaibika. Kati ya miaka ya 1930 na 1990 watu waliongezeka takriban mara tano, na bado matuta yalikuwa mengi zaidi na mmomonyoko wa udongo ulikuwa umepungua. Wakulima ndio waliofanya kazi hiyo, kwa jembe na kwa akiba zao wenyewe. Bila picha za 1948 yangebaki maneno tu.

Gusii nayo inastahili uchunguzi kama huo, na maswali yako wazi. Wakati wa Lancaster, chai ilikuwa haijaingia mashamba ya wakulima wadogo. Ilianza kuja mwishoni mwa miaka ya 1950. Mabonde yaliyojaa mikaratusi leo yalikuwa na nini? Vyanzo vya maji vilivyokauka vilikuwa wapi? Malisho ya pamoja yaliishia wapi na mashamba yakaanzia wapi? Tunazijadili habari hizi matangani na kwenye mikutano kwa kutegemea nani ana sauti kubwa zaidi, wakati ushahidi ulipigwa picha.

Sehemu kubwa ya picha za idara ile ya upimaji imehifadhiwa Edinburgh, Scotland, katika hazina ya taifa ya picha za angani. Idara yetu ya upimaji ina akiba yake pale Ruaraka, kando ya barabara ya Thika. Serikali za kaunti za Kisii na Nyamira zingeweza kuomba nakala za dijitali za eneo lote la Gusii, zikachapisha za kila wadi kwa ukubwa wa ukuta, na kuziweka mahali ambapo mwananchi anaingia bila kulipa: maktaba, ofisi za ardhi, shule za sekondari. Wanafunzi wa jiografia wa sekondari, ambao tayari wanafundishwa kusoma picha na ramani kwa mifano ya mahali wasipopajua, wangejifunzia kwa kilima wanachokipanda kila asubuhi.

Na Coningsby, kando ya maelezo ya mabwawa ya Ujerumani, paandikwe kwa urefu unaostahili kwamba ndege hii ilifanya kazi Afrika, kwamba haikuwa na bunduki wakati huo, na kwamba vikosi vya ndege za namna yake ndivyo vilivyozipa nchi zetu ramani zake za kwanza za kina. Ombi hilo ni dogo. Aya mbili zinatosha.

La haraka zaidi liko hapa nyumbani. Aliyekuwa na umri wa miaka 10 mwaka 1950, akichunga ng'ombe kwenye miteremko ya Nyacheki, sasa amepita 85. Yeye bado anaweza kuwekewa picha ya wakati ule mezani na kutaja kwa jina kila kijito, kila njia ya ng'ombe, boma la nani lilikuwa wapi na nani alihama lini. Karatasi ya picha haiwezi kusema majina hayo peke yake, na hakuna hazina yoyote, Edinburgh wala Ruaraka, iliyoyaandika. Kazi hiyo inahitaji nakala iliyokuzwa, kinasa sauti, mjukuu mwenye subira, na wiki chache za msimu wa likizo, mwaka huu.